Kamba Niliyoifunga Nyuma ya Meza ya Jiwe

Jumatatu, tarehe tisa Februari mwaka huu, tulimpoteza Mzee Kanti. Alifia nyumbani kwake Queensbury baada ya chakula cha mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Umri ulikuwa umekwenda, hakuna aliyeshangaa. Lakini siku hiyo ulipotea mkono uliokuwa ukikaza bolti nane bila kifaa cha kupimia, na ukija kupima baadaye unakuta zote nane zimekazwa sawasawa.

Nawaandikia nyinyi vijana wa karakana yetu pale Stratford, na wengine mtakaoingia katika kazi hii ya meza za kipimo. Jina lake mnalitumia bila kumjua. Mtu akikaza bolti kupita kiasi mnasema "amefanya Kanti", mnacheka, mnaendelea na kazi. Nataka mjue jina hilo liliingiaje midomoni mwenu, na kwa nini lilipaswa kuwa langu. Mimi ni Grace Wakesho. Shule niliishia darasa la saba, Voi, kabla sijaja huku kwa Waingereza, kwa hiyo nikizunguka mtanivumilia.

Kwa wale ambao bado hawajaigusa, mashine yenyewe ni bamba la jiwe jeusi, zito kuliko gari dogo, lililokaa juu ya miguu minne yenye hewa ndani. Juu ya jiwe kuna kigari kinachosukumwa na mota. Kinabeba kipande cha kioo, kinakipeleka chini ya lenzi, kinasimama. Na kusimama kwake si kama kwa basi. Kinatakiwa kifike mahali palipotajwa, kisikose hata kwa sehemu moja ya elfu ya milimita, kisha kitulie hapo kama kimekufa. Unywele wako ukiuweka kwenye kipimo hicho ni gogo.

Kitu kama hicho kila kitu ni adui yake. Ndiyo maana kazi hii ni ya kushuku. Wiki yangu ya kwanza Mzee Kanti aliniambia, "Hapa usiamini kitu, mama. Sakafu inadanganya, hewa inadanganya, hata hii mkono yako inadanganya." Alizaliwa Kisumu, katika familia ya Kigujarati, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Yeye alinicheka kwa changu cha Voi, mimi nikamcheka kwa chake.

Niliingia pale kama mfagiaji. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikapiga deki kabla mafundi hawajaja. Asubuhi moja mpini wa deki yangu ulikataa kupita chini ya kona moja ya jiwe. Siku zote ulipita. Nilijaribu tena, ukagonga. Sikujua maana yake, ila nilijua jana ulipita na leo haupiti. Mzee Kanti alikuwa wa kwanza kuingia, nikamwambia.

"Kona gani?"

"Ile ya karibu na dirisha. Imeshuka."

Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mguu. Hewa ilikuwa inavuja, kidogo mno, na mafundi walikuwa wamehangaika wiki nzima wakilaumu kompyuta. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja akamwambia kwamba yule mama wa deki ana macho kuliko watu wote wa karakana, na kama watamwacha aendelee kusukuma maji ni ujinga wao. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na koti la bluu na sanduku la spana. Sanduku langu la usafi nililiweka chini ya benchi langu, kwa sababu sikuamini kama hili la spana litadumu.

Aliyonifundisha ni mengi, nitayataja kadiri ninavyoyakumbuka. Kabla ya kushuku mashine, shuku sakafu. Alikuwa akiweka sahani ya chai sakafuni, chai ikiwa ndani, na kunielekeza niitazame. Treni ikipita kwenye reli nyuma ya jengo, unaona viduara vidogo juu ya chai. "Hiyo ndiyo jiwe inasikia," alisema. Sakafu ikiwa salama, shuku miguu. Miguu ikiwa salama, tafuta kitu kinachogusa jiwe. Jiwe likishaelea juu ya hewa halitakiwi kuguswa na chochote, hata kipande cha karatasi kilichokunjwa kati yake na fremu ya chuma iliyokaa sakafuni, maana mtikisiko wa sakafu utapita hapo hapo kama mtu anayevuka kwenye daraja. Kebo na mipira ya kupitishia hewa inayokwenda kwenye jiwe iachwe ining'inie kwa kitanzi kilegevu. Sheria hiyo niliijua vizuri. Ishikeni akilini, maana niliijua vizuri.

Ukitaka kusikia mota inaumwa wapi, chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye mota, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mzee Kanti alikaa hivyo amefumba macho kama daktari, na ukimsemesha anakuonyesha kidole usubiri.

Na joto nalo lishukuni. Kulikuwa na mashine iliyokuwa ikikosea kila siku saa nne asubuhi. Tulishuku miguu, tukashuku umeme, tukamshuku mpaka mtu wa kuleta mitungi ya gesi kwa sababu alikuwa anakuja saa hizo. Mzee Kanti akakaa siku mbili anatazama tu. Kumbe saa nne ni saa ya chai, na birika lilikuwa upande ule. Watu sita wamesimama wanapiga soga kando ya jiwe, na kila mtu ni kama jiko dogo. Alilihamisha birika bila kumuuliza mtu. Watu walimnunia wiki nzima, na mashine ikapona.

Halafu kuna kompyuta inayoiambia mota ijirekebishe. Ukiiambia ijirekebishe polepole, kigari kinachelewa kutulia. Ukiiambia ijirekebishe haraka mno, kinapitiliza, kinarudi, kinapitiliza tena, na mashine inaanza kuimba. Ni kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji pomoni: anayehangaika mno na yale maji ndiye anayeyamwaga. Kazi hiyo ilikuwa ya Callum, kijana kutoka Scotland, mpole, asiyesema sana. Mtu asiyesema sana mimi nilimwogopa. Nilidhani anaficha kitu.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ni miaka kumi na miwili sasa. Tulikuwa na mashine ya mteja aliyetengeneza vioo vya vifaa vya kupasulia macho. Jumatatu ilipita majaribio yetu yote. Jumanne Callum alirekebisha kidogo mota. Jumatano asubuhi Mzee Kanti alipitia bolti zinazoshika reli ya kigari kwenye jiwe. Alhamisi mteja akaja kuiangalia kabla ya kuipokea, akiwa na watu wawili wenye suti, na mashine ikatikisika mbele yao. Kigari kilifika mahali pake lakini hakikutulia. Mstari wa mtikisiko kwenye skrini, uliokuwa umenyooka Jumatatu, ulikuwa umejaa meno. Wakasema hawaipokei. Meneja akageuka rangi.

Kuanzia hapo karakana nzima ikawa na macho ya pembeni. Mtu akiingia stoo, mwenzake anatazama anatoka na nini. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Niliamini ni Callum. Nilianza kuandika kwenye daftari: saa tatu na robo, C. yuko kwenye kompyuta, nimepita, amefunga skrini. Saa nane, C. ameongea kwa simu nje. Bado ninalo daftari hilo, na ninapolisoma naona haya. Nilimwonyesha Mzee Kanti.

"Umeandika yeye anakula nini pia?" aliniuliza.

"Mzee, sifanyi mzaha. Nani mwingine aligusa mashine kati ya Jumatatu na Alhamisi?"

"Mimi."

"Wewe si hesabu."

"Kwa nini mimi si hesabu? Hesabu ni hesabu."

Sikumsikiliza. Nilikwenda kwa meneja nikamtaja Callum. Meneja akamwita, na Callum akafungua kompyuta yake akaonyesha kila alichobadilisha, saa na dakika, na kwamba Jumanne jioni alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa Jumatatu. Kompyuta ilikuwa shahidi wake. Mkono wa Mzee Kanti haukuwa na shahidi.

Meneja akaleta kifaa cha kupimia, akazipima bolti mbele ya watu. Zilikuwa zimekazwa zaidi kidogo kuliko karatasi ya vipimo ilivyosema. Zote nane, kwa kiasi kilekile. Mzee Kanti alizikaza hivyo kwenye kila mashine aliyowahi kuifunga, na hizo nyingine zilikuwa kazini miaka na miaka bila kutikisika. Nilijua hivyo, na meneja naye alijua. Lakini mteja alikuwa anataka jibu, na jibu lilikuwa limepatikana: reli imepindwa na bolti zilizokazwa kupita kiasi, na fundi ana umri wa kupumzika. Sijasema meneja alipanga. Nasema tu kwamba sijawahi kuona ripoti ikiandikwa haraka namna ile.

Mzee Kanti hakubisha. Ndicho kilichoniumiza. Aliuinua mkono wake wa kulia akautazama pande zote mbili, kama kitu alichookota njiani. "Labda imezeeka," akasema. "Mtu mwenyewe hawezi kujua."

Mashine ikafunguliwa ili bolti zifungwe upya. Mimi nilipewa kazi ya kutoa kifuniko cha nyuma. Nikakitoa. Ndani yake, kebo na mipira ya hewa ilikuwa imevutwa ikanyooka, ikafungwa kwenye fremu ya chuma kwa kamba ya plastiki. Kitanzi kilegevu hakikuwepo. Jiwe lilikuwa limeshikwa na sakafu kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Kamba ilikuwa nyeupe. Kamba za karakana zote zilikuwa nyeusi. Nyeupe nilikuwa nazo mimi peke yangu, kwenye sanduku langu la usafi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumatano mchana meneja alisema wageni wanakuja kesho, pasafishwe papendeze. Nilipofika nyuma ya mashine nikaona kebo zimelala karibu na sakafu. Nilikuwa mfagiaji kwa miaka mingi kabla ya kuwa fundi, na wafagiaji wote wa mji huu wanafundishwa jambo moja siku ya kwanza: waya usilale chini, mtu atajikwaa. Mikono ikafanya yenyewe. Nikazikusanya, nikazifunga juu kwenye fremu, nikafuta vumbi, nikarudisha kifuniko. Nakumbuka niliridhika.

Sasa sikilizeni vijana, kwa sababu hili ndilo nililojifunza na sikulipata kwenye karatasi yoyote. Nilipokuwa nahesabu ni nani aliyeigusa ile mashine, nilijiruka, na sikujiruka kwa uongo. Kwa akili yangu sikuwa nimegusa mashine. Nilisafisha tu. Sheria ya kitanzi kilegevu niliiweka kwenye sanduku la spana, na siku ile nilikuwa nimeshika sanduku lingine. Mkitafuta kosa msiulize nani alifanya kazi hapa. Ulizeni nani alipita hapa, na mjitaje wenyewe kwanza.

Nilichukua koleo nikaikata. Nikaitia mfukoni. Jioni niliitupa kwenye pipa njiani. Fundi mwingine alifunga bolti kama karatasi inavyosema, mashine ikawashwa, mstari ukanyooka. Watu wakapiga makofi. "Zilikuwa bolti," walisema. Mzee Kanti alitia sahihi kwenye ripoti, na siku ya tatu akaandika barua ya kustaafu.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Sitaipamba sababu. Niliogopa watanirudishia deki.

Siku ya kumi na moja mimi na Mzee Kanti tulipanda treni pamoja Stratford, kama ilivyokuwa desturi yetu. Yeye alikwenda nayo moja kwa moja mpaka Queensbury, mimi nilishuka Canada Water kubadilisha ya Peckham. Alikuwa na kopo la chevda, vile vitafunio vikavu vya pilipili ambavyo mkewe, Bi. Hansa, alinitengenezea kila mwezi. Tulipopita Canning Town nikamweleza yote. Deki, wageni, kamba nyeupe, koleo. Treni ilikuwa inapiga kelele, ikabidi nimwambie kwa sauti, mpaka mtu wa kiti cha mbele akatutazama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu.

"Iko wapi hiyo kamba?"

"Nilitupa."

"Ulitupa."

"Mzee, naapa."

"Wewe mama ni mtu mzuri sana," alisema. "Lakini usinifanyie hivyo. Mimi si mtoto wa kudanganywa alale. Nilipima mwenyewe baada yao. Ilikuwa imekaza."

"Zote ulikaza hivyo! Miaka yote!"

"Basi miaka yote nilikosea kidogo, na Mungu alinisaidia." Akanipa kopo la chevda. "Kituo yako hii. Shuka."

Alinishuku. Alinishuku kwamba nina huruma. Ningesema siku ileile nikiwa na kamba mkononi, mtu aliyenifundisha kutoamini kitu angeniamini. Nilikuja siku kumi na moja baadaye na maneno matupu, na maneno matupu yeye hakuwahi kuyapokea kutoka kwa mtu.

Kesho yake nilimwambia meneja. Alifunga mlango. Akasema mashine imeshapokelewa, ripoti imeshakwenda, mzee anastaafu kwa heshima na keki imeshaagizwa, na je, nina ushahidi gani? Nilisema sina. Akasema basi turudi kazini. Nikarudi. Kwa hilo sina wa kumlaumu. Mlango aliufunga yeye, lakini kutoka nilitoka mwenyewe kwa miguu yangu.

Mwezi uliopita, siku ya kumuaga Mzee Kanti kwa mara ya mwisho, nilisimama nyuma kabisa, mimi na wastaafu wengine wawili wa karakana. Ibada ilipokwisha mwanawe, Nilesh, alinifuata. Ni mtu mzima sasa, mwenye duka la miwani. Nilipomwona anakuja nikafikiri anajua. Akanishika mikono miwili.

"Wewe ndiye auntie Grace? Baba alitusimulia. Alisema ulitaka kubeba lawama yake ili asijisikie vibaya. Alisema hajawahi kutendewa wema kama ule."

Bi. Hansa alikuwa kando yake, amevaa nyeupe. Akasema, kwa Kiswahili, "Tangu aache kazi hakushika spana tena, Grace. Bomba la jikoni likivuja anaita fundi. Mimi namwambia, wewe si fundi? Ananiambia mkono yangu mbaya, Hansa. Miaka kumi na mbili."

Nikawapa pole, nikaondoka. Kwenye treni watu walinipisha kiti, nadhani walidhani naumwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikuwa nagawa maandazi pale Peckham. Neema alikuwa anamsimulia mama yake mambo ya kazini. Neema mnamjua, ndiye injinia wenu. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa naandika maana ya alichosema. Alisema mwenzake amefanya Kanti kwenye mashine mpya na wamepoteza siku nzima. Nikaweka sinia chini.

"Unamjua Kanti?"

"Kumjua?" Akanitazama. "Kwani Kanti ni mtu, auntie? Mimi nilidhani ni jina la kosa."

Mama yake akacheka. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamweleza Neema yote, kama nilivyomweleza Mzee Kanti kwenye treni. Alinisikiliza akiwa na andazi mkononi bila kulila. Nilipomaliza nikamwomba aibadilishe ile ripoti.

"Samahani auntie," alisema. "Siwezi kuandika kwa maneno yako tu. Unaweza kuwa unamlinda rafiki yako."

"Hayo ndiyo aliyoniambia Mzee Kanti mwenyewe."

"Basi nionyeshe. Tuna mashine ya aina ileile imekuja kufanyiwa matengenezo. Njoo Jumatano."

Jumatano nilikwenda. Nilipewa kitambulisho cha mgeni, mahali nilipofanya kazi miaka ile yote. Wengine wenu mlikuwepo, mkaniangalia mkidhani nimepotea njia. Neema aliwasha mashine, akanionyesha mstari, umenyooka. Akanipa kamba. Nyeusi, nyeupe hawana. Nikaenda nyuma, nikakusanya kebo na mipira, nikaifunga kwenye fremu kama siku ile. Vidole vilikumbuka. Nikarudisha kifuniko.

Tukasubiri. Treni ikapita.

Mstari ukaota meno. Neema akafungua ripoti ya zamani kwenye skrini ya pili, akauweka ule mstari wa zamani kando ya huu. Si sawa kabisa, ni mashine mbili tofauti, lakini meno yalikuwa mahali palepale na umbali uleule kati yao. Akaniuliza bolti za mashine hii zimekazwaje. Akapima mwenyewe. Zilikuwa kama karatasi inavyosema. Akachukua koleo, akaenda nyuma, nikasikia kamba inakatika. Mstari ukatulia.

"Siwezi kusema bolti hazikuchangia kitu," alisema.

"Hata mimi siwezi," nilimwambia. "Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Aliandika kwamba mtikisiko wa mashine ile ulitokana na kebo zilizofungwa kwenye fremu, na kwamba jambo hilo limejaribiwa na kuonekana. Akaniuliza nani alizifunga. Nikamwambia. Akaandika jina langu kamili. Nikamwomba anichapishie, kurasa mbili, na ile michoro miwili ya mistari.

Nilipanda treni palepale, nikapita Canada Water bila kushuka, nikaenda mpaka Queensbury. Nilesh alifungua mlango. Alifurahi kuniona, akaita ndani kwamba auntie Grace amekuja. Nikampa karatasi kabla hajanikaribisha, kwa sababu nilijishuku kwamba nikishakaa na kupewa chai sitazitoa. Alizisoma amesimama mlangoni. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akatazama michoro, akarudi ukurasa wa kwanza. Uso wake ulibadilika polepole.

"Kwa hiyo ulikuwa ukweli."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Kabla hajatia sahihi," nilisema. "Nilikuwa na kamba mfukoni."

Akaingia ndani na zile karatasi, hakusema ningoje wala niende, na mlango hakuufunga. Nilisimama nje. Niliwasikia wakizungumza Kigujarati, yeye kwa muda mrefu, mama yake kidogo. Halafu nikasikia sauti ya Bi. Hansa, kwa Kiswahili, ili niisikie mwenyewe.

"Grace. Vua viatu, ingia. Nataka unieleze wewe, mwanzo mpaka mwisho."

Nikainama nikafungua kamba za viatu, nikaingia.